Simba Mlangoni, Lenzi ya Milimita 600

Asanteni. Nimepewa nusu saa, na mshereheshaji anayenijua ameshaanza kutazama saa yake kabla sijafungua kinywa. Basi tuingie kazini.

Kila mwaka nasimama mbele ya waongoza watalii wapya, na kila mwaka swali la kwanza ni lile lile: "Mzee, ninunue lenzi ya milimita ngapi?" Milimita zikiwa nyingi, lenzi inakuvutia kilicho mbali zaidi. Nikisema ya kuvuta, 100 hadi 400, nyuso zinanywea. Mlitaka niseme 600. Mlitaka niseme 800, mpige picha ya kupe kwenye sikio la nyati.

Haya. Ndutu, kusini mwa Serengeti, mwezi wa pili, nyumbu wanazaa. Nina mgeni mmoja, mtu mzima, mstaarabu, na lenzi moja tu: milimita 600, tundu la kuingizia mwanga f/4, yaani pana. Hiyo si lenzi ya kuvuta. 600 ni 600, huisogezi mbele wala huirudishi nyuma. Kilo tatu na ushee, na bei yake mpya inapita dola 12,000. Mwenzenu angepata kiwanja na tofali za kuanzia. Siku mbili nzima ananitania na lenzi yangu ya 100 hadi 400 iliyochubuka rangi.

Siku ya tatu, saa tano, jua limeshaanza kuuma. Simba jike wawili waliokuwa wamejilaza kwenye nyasi fupi wakainuka. Mnaujua uwanda ule, mti hakuna. Kivuli kilichopo ni cha gari letu. Wakaja. Mmoja akajibwaga kwenye tairi la nyuma. Wa pili akaketi hatua chache kutoka mlangoni, akatuangalia, akapiga mwayo, meno yote nje, ulimi umejikunja. Mgeni wangu akamwelekezea mzinga wake. Kamera inahangaika, inanguruma, haishiki kitu. Lenzi ile haioni kilicho karibu kuliko mita nne na kidogo! Akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mlango wa upande wa pili. Wapi! Mimi nikairudisha yangu mpaka 100, nikapiga. Sikusema neno, maana bakshishi ilikuwa bado mfukoni mwake. Jioni akaja taratibu kuniuliza kama nitamtumia ile picha.

Najua mnachotaka kusema. Wewe wa nyuma nimekusikia: "Faru wa kreta je?" Ni kweli, Ngorongoro huruhusiwi kutoka barabarani, na sakafu ya kreta ni kilomita za mraba kama 260. Faru anaweza kukaa kutwa nzima huko mbali, nukta nyeusi. Sasa nikuulize: umemwona faru huyo saa ngapi? Saa saba mchana. Ardhi imeshachemka, hewa ya moto inapanda, mwanga unapita humo ukipindapinda. Ndiyo mazigazi hayo, yale yale unayoyaona juu ya lami ukienda Namanga. Lenzi ndefu inamkuza faru na inakuza mazigazi pia. Utapata faru mkubwa anayetetemeka kama yuko chini ya maji. Mgeni atarudi kwao alaumu lenzi, na wengine watakulaumu wewe. Dawa ni kuwa getini saa 12 asubuhi, hewa ingali ya baridi. Yule aliyechelewa kwa sababu ya chai na mayai asije kuniuliza habari za milimita.

Wa ndege wadogo, nawakubalia. Ndege wanataka 500, 600. Basi chukua ya kuvuta, 150-600 au 200-600, ujue ni kama kilo mbili mkononi na tundu lake huishia f/6.3, jembamba kuliko f/4. Alfajiri na magharibi itakulazimu upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuushika mwanga. Pandisha! Picha yenye chengachenga inavumilika, iliyocheza haina dawa. Duma akikimbia, kasi ya kamera kufunga na kufungua isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde.

Na zimeni injini. Nalisema hili mpaka nachoka. Mtu ana kamera ya mamilioni, kaiegemeza kwenye paa la gari linalotetemeka. Msimamo wa miguu mitatu uacheni nyumbani, garini hauna pa kusimama. Kata mguu wa jinsi kuukuu, shona upande mmoja, nenda nao mtupu, ukifika soko la Karatu nunua maharage kilo mbili, jaza, funga. Weka kwenye ukingo wa paa, laza lenzi juu yake. Safari ikiisha mpishi wa kambi atajua la kufanya na maharage.

Vumbi, haraka haraka. Kubadilisha lenzi garini ni kulikaribisha vumbi ndani. Ukiweza, beba kamera mbili, moja na lenzi ndefu, nyingine na fupi, usifungue kitu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo wanaowashauri wageni wafungie kamera humo waache. Foronya inatosha. Kanga ni bora zaidi.

Nimeonyeshwa dakika mbili. Kamera yenyewe, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye tangazo la mazungumzo haya, sijaigusa. Si kitu. Yoyote nzuri ya miaka kumi hii, hata iliyotumika, mradi pesa kubwa iende kwenye lenzi. Na msiidharau yenye sensa ndogo, sensa ndiyo inayopokea mwanga ndani ya kamera: zile zinazoitwa za mara 1.5 zinakata picha kiasi kwamba 400 inakuonyesha eneo ambalo 600 ingekuonyesha kwenye sensa kubwa. Wengi wenu hapo mmeshapata milimita mnazozililia bila kuuza ng'ombe. Betri tatu. Kadi mbili. Habari za video sitazifikia.

Lenzi yangu hii naipitisha, kila mtu aivute mara moja. Shikeni kwa chini, kiganja kikiwa kimeibeba. Kwa chini, nimesema. Wewe wa shati jeupe, hiyo si chupa ya soda.