Hodi Saba za MH370 na Kipande cha Bawa Kilichofika Pemba

Ndugu wasikilizaji, tuanzie Pemba. Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa la ndege kiliokotwa huko, kimetupwa na bahari. Kilipofika mikononi mwa wachunguzi wa Australia, walianza kwa kusoma mihuri. Ndani yake mlikuwa na tarehe 23 Januari 2002. Ndege yenye usajili 9M-MRO ilikabidhiwa kwa shirika lake, Malaysia Airlines, tarehe 31 Mei mwaka huohuo, kwa hiyo muda uliafikiana, lakini kuafikiana si uthibitisho. Uthibitisho ulitoka kwenye namba za ziada zilizopigwa kando ya namba za kawaida za Boeing. Kiwanda cha Italia kilichotengeneza kipuri hicho kilifungua kumbukumbu zake, na namba zote zikaelekeza kwenye flapu moja tu, yaani kipande cha nyuma ya bawa kinachofunguliwa wakati wa kutua, iliyopelekwa Boeing kwa ajili ya ndege ya 404 ya aina ya 777. Ndege ya 404 ndiyo 9M-MRO, iliyoruka usiku wa tarehe 8 Machi 2014 kwa jina la safari MH370 ikiwa na watu 239.

Nimeanza na mihuri kwa makusudi. Husemwa kwamba ndege hii ilitoweka bila kuacha alama. Si kweli. Iliacha alama kadhaa, ila kila moja inajibu swali moja dogo, na porojo nyingi tunazozisikia zimetokana na kuilazimisha alama ijibu swali lisilo lake.

Mwanzo wa safari unajulikana vizuri. Kwa saa za Malaysia, ndege iliondoka Kuala Lumpur saa 6:42 usiku kwenda Beijing, na mafuta ya takriban tani 49. Saa 7:19 rubani aliaga: usiku mwema, Malaysian tatu saba sifuri. Dakika mbili baadaye, kwenye alama ya angani iitwayo IGARI, transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwa waongozaji, ikanyamaza. Pale ni mpakani, mahali ambapo waongozaji wa Kuala Lumpur wanamkabidhi rubani kwa wenzao wa Ho Chi Minh. Wa kwanza ameshaaga, wa pili hajaamkiwa. Ho Chi Minh walitakiwa kuuliza ndani ya dakika 5. Waliuliza saa 7:39. Wakati huo ndege ilikuwa imeshageuza, inakata rasi ya Malaysia kurudi magharibi, na rada ya kijeshi iliiona mara ya mwisho saa 8:22 juu ya Mlango wa Malacca.

Hapo ndipo wengi huishia kusema "ikapotea". Dakika 3 baadaye ikabisha hodi.

Ndege ile ilikuwa na kifaa cha mawasiliano ya setilaiti. Kilikuwa kimezimika, na saa 8:25 kikawaka tena na kuomba kuunganishwa na mtandao. Kwa kawaida, kituo cha ardhini kisiposikia chochote kwa saa nzima hutuma swali fupi: upo? Kifaa hujibu chenyewe: nipo. Hakuna maneno ndani yake, wala mahali, wala kimo. Rubani hana habari. Kituo cha Perth kilijibiwa saa 9:41, 10:41, 11:41, 12:41 na saa 2:11 asubuhi. Mtaona pengo kati ya mbili za mwisho: saa 1:13 asubuhi shirika lilipiga simu ya setilaiti kwenda kwenye ndege, haikupokelewa, lakini mlio wenyewe uliirudisha saa ya kituo kwenye sifuri. Simu isiyopokelewa imeacha alama yake kwenye ratiba. Hodi ya saba, ya saa 2:19, ilitoka tena kwa ndege yenyewe, kama ile ya kwanza: kifaa kilikosa umeme, kikawaka upya. Inalingana na mafuta kwisha, injini kuzimika, na jenereta ndogo ya mkiani kuwaka kwa muda mfupi.

Je, hodi isiyo na maneno inasema nini? Kwanza, umbali. Wimbi la redio hukata mita 300 kwa maikrosekunde moja. Kwa kuwa jibu limekwenda na kurudi, kila maikrosekunde ya kuchelewa ni mita 150 kati ya setilaiti na ndege. Kutokana na hilo unachora duara juu ya uso wa dunia, lenye kosa la takriban kilomita 10. Ndege iko mahali fulani kwenye duara hilo. Wapi, duara halisemi. Tao la saba, yaani kipande cha duara la hodi ya saba, lina urefu wa maelfu ya kilomita, na anayekwambia kwamba "setilaiti ilionyesha mahali ilipoanguka" amelidai jibu ambalo halimo.

Pili, mwendo, na hapa pana ufundi wa kupendeza. Kifaa cha ndege husahihisha masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya wimbi lake ili mwendo wa ndege usiyavuruge. Kinapokokotoa, hudhani setilaiti imetulia tuli juu ya ikweta. Setilaiti ile ilikuwa kuukuu, ikiyumba kaskazini na kusini kidogo kila siku. Dhana ile, basi, ilikuwa na kosa dogo, na kosa lenyewe halilingani kwa ndege inayokwenda kaskazini na inayokwenda kusini. Kosa hilo ndilo lililoonyesha kwamba ndege ilikwenda kusini. Isingekuwa uchakavu wa setilaiti, hadi leo tungekuwa tunabishana kati ya Asia ya Kati na Bahari ya Hindi.

Kifaa hakikusahihisha kupanda wala kushuka. Ndiyo maana ujumbe mbili za saa 2:19, zilizotofautiana kwa sekunde 8 tu, zinaonyesha ndege ikishuka, na ya pili inaonyesha kasi ya futi zisizopungua 13,000 kwa dakika.

Turudi kwenye kipande cha Pemba, maana kina jibu la pili. Wachunguzi walipanga mikwaruzo na mipasuko ya ndani dhidi ya reli inayobeba flapu. Vililingana pale flapu inapokuwa imefungwa. Rubani anayetua majini kwa utaratibu huzifungua. Hivyo ile simulizi ya kutua taratibu inabaki dhaifu. Lakini angalieni: flapu iliyofungwa haituambii ni nani alikuwa kwenye usukani, wala kama alikuwepo mtu.

Kwa nini Pemba? Vitu vinavyoelea magharibi ya Australia husukumwa na mkondo wa Ikweta ya Kusini kuelekea kwetu. Mkondo ukipita ncha ya Madagascar na kugonga pwani ya Afrika, hugawanyika. Tawi moja hupanda na pwani ya Tanzania, jingine hushuka Msumbiji, ambako navyo vipande vilipatikana. Cha kwanza kabisa, flaperoni, kipande kingine kinachochezacheza nyuma ya bawa, kilipatikana Réunion Julai 2015. Wataalamu wa bahari wa Australia walijaribu kukokotoa njia yake kwa nakala zilizoundwa kuiigiza, kisha wakachukua flaperoni halisi ya 777, wakaikata ifanane na ile, wakaielesha. Ikaenda kasi zaidi ya nakala zile, tena ikikengeuka nyuzi 20 hivi kushoto kwa upepo. Hesabu mpya ikavuta mahali pa kuanguka kuelekea latitudo 35 kusini, nje kidogo ya eneo lililokuwa limeshapekuliwa.

Upekuzi wenyewe ni kazi ya kuchosha. Sonari, chombo kinachochora sakafu ya bahari kwa mawimbi ya sauti, huburutwa kwa waya wa hadi kilomita 10, ikipita karibu na sakafu ya bahari iliyo chini kilomita 4 na zaidi, mstari baada ya mstari. Kilomita za mraba 120,000 zilimalizika Januari 2017; zilipatikana meli kuukuu, si ndege. Mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity ilipekua nyingine zaidi ya 112,000 kwa roboti zinazojiendesha, kwa sharti la kutolipwa isipopata. Visanduku vyeusi navyo vilikuwa na vipaza mlio vya siku 30, vinavyosikika kwa kilomita chache tu. Betri ya kile cha kinasa data ilikuwa imepita muda wake tangu Desemba 2012.

Mnauliza mara nyingi: kikipatikana kisanduku, siri itakwisha? Viko viwili. Kinasa data kinahifadhi saa 25, kwa hiyo kona ya IGARI ingesomeka. Kinasa sauti cha ndege ile kilihifadhi saa 2 tu, kikijifuta na kuandika upya. Toka kona hadi hodi ya mwisho ni karibu saa 7. Isipokuwa kama kilikatiwa umeme mapema, maneno yaliyosemwa pale mpakani yalifutwa ndege ikiwa bado angani.