Turbini Ikizimwa Haijapoa: Namna ya Kuipoza Kabla ya Kuifungua

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo niko Olkaria, Naivasha, na mlio huu mnaousikia nyuma yangu ni turbini ya mvuke inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Itasimama leo, kisha tutafungua gamba lake tukwangue ukoko. Ndiyo, ukoko, kama wa sufuria ya wali, ila huu ni wa silika: mweupe, mgumu, na umeganda kwenye mapanga ya rota, ile sehemu inayozunguka ndani. Tangu mtambo wa kwanza wa hapa uwashwe mwaka 1981, mvuke wa ardhini umekuwa ukituletea umeme na ukoko pamoja.

Mvuke wetu huingia ukiwa na nyuzi joto 150 na kitu. Kwenye mitambo ya makaa ya mawe unaweza kufika 540, na huko kupoa huchukua siku kadhaa. Utaratibu ni mmoja, ila saa ndizo zinazotofautiana. Namba za kufuata ni zile za kitabu cha mtengenezaji wa mashine yako.

Kabla hujagusa kitu chochote, jaribu pampu za mafuta. Zote. Ile ya akiba, na ile ya dharura inayotumia betri. Sogeza kamera hapa, kijana. Mnaona presha inavyopanda? Vizuri. Pampu hizi zikigoma, turbini haizimwi leo. Rota ikiserereka, yaani ikiendelea kuzunguka kwa kasi iliyobaki, bila mafuta, beringi zinayeyuka kabla hujafika mlangoni.

Haya, tunashusha mzigo polepole. Megawati zinapungua, chumba cha kuendeshea kinatupa ishara, tunazima. Valvu za mvuke zimefunga? Zimefunga. Swichi ya jenereta imefunguka? Imefunguka. Twende.

Sasa inaserereka yenyewe. Mimi hupenda kusimama hapa karibu na beringi, nikasikiliza. Mashine nzima inashuka sauti kama mtu anayepumzika baada ya safari ndefu. Andika saa iliyozimwa na saa iliyosimama kabisa, kisha linganisha na mara iliyopita. Ikisimama mapema kuliko kawaida yake, kuna kitu kinagusana humo ndani.

Hapa sasa naomba mnisikilize vizuri sana. Kwanza vakyumu, yaani utupu ulio ndani, ndipo mvuke wa sili. Kasi ikishashuka, tunaingiza hewa kwenye kondensa, kile chumba kinachopoza mvuke uwe maji, mpaka vakyumu iishe kabisa, sindano isome sifuri. Baada ya hapo ndipo tunafunga ule mvuke unaoziba sili za shafti, pale mhimili wa rota unapotokea nje ya gamba. Ukigeuza utaratibu huu, vakyumu iliyobaki itavuta hewa baridi kutoka nje ipite juu ya shafti ya moto. Shafti inapoa sehemu moja ghafla, inapinda. Narudia: vakyumu kwanza, mvuke wa sili baadaye. Valvu hizi mbili ziko karibu karibu hapa, mnaziona? Shika mpini, soma kibandiko kwa sauti, ndipo uzungushe.

Imesimama. Sasa gia ya kuzungushia, ile inayoizungusha rota polepole kwa mota, iingie mara moja.

Ngoja. Taa haijawaka. Usizime kamera, endelea kurekodi, watu waone. Meno ya gia yamegongana uso kwa uso, hayajaumana. Usilazimishe kwa mota! Tunasogeza kwa mkono kidogo, kwa gurudumu hili dogo... kidogo tena... hapo! Mmesikia mlio huo? Imeuma. Washa. Taa ya kijani, na rota inazunguka mizunguko michache tu kwa dakika.

Kwa nini nina haraka namna hii? Joto hupanda juu. Rota ikisimama ingali ya moto, upande wa juu unabaki na joto kuliko wa chini, unatanuka zaidi, na shafti inanyanyuka mgongo. Nafasi kati ya shafti na sili haifiki milimita moja, kwa hiyo mpindo mdogo tu unatosha kuleta msuguano.

Niliwahi kuisimamisha gia mapema. Kilikuwa kituo kingine, miaka mingi nyuma. Mafundi wa jukwaa la kupandia waliomba dakika 20 za utulivu, nikakubali. Tulipoirudisha, kipimo cha mpindo kilikuwa kimepanda karibu mara tatu, na nilikesha usiku kucha nikikitazama kikishuka. Tangu siku ile, anayetaka utulivu husubiri. Gia haisimami mpaka chuma kifike joto lililoandikwa kitabuni. Haisimami kwa ajili ya jukwaa, wala wageni, wala picha.

Ikitokea imesimama yenyewe, weka alama upande wa juu, igeuze nusu mzunguko kwa mkono, uiache hivyo mpaka mpindo urudi chini, ndipo uendelee kuizungusha. Ikikataa kugeuka, usiifunge kwenye winchi, wala usiisukume kwa mvuke. Subiri ipoe.

Sasa tunangoja. Hapa ndipo chai inapohusika, na mimi naipenda yenye tangawizi nyingi. Kila saa tunaandika joto la gamba, juu na chini. Tofauti ikianza kukua, angalia kama kuna maji yaliyotuama chini, mifereji ya kutolea maji iwe wazi. Usibandue blanketi za kuhifadhi joto, usielekeze feni hapo, na asije mtu na mpira wa maji.

Chuma kimefika kiwango. Gia tunaizima, ila mafuta yanaendelea kuzunguka, kwa sababu joto la rota bado linatembea kuelekea kwenye beringi. Mafuta tunayazima wakati joto la beringi limetulia.

Tunaziba mvuke: valvu mbili kufungwa, na ya katikati yao wazi ili kinachovuja kitoke nje. Kila fundi anatia kufuli lake, na ufunguo anakaa nao mfukoni.

Mwisho ni gesi. Mvuke wa ardhini huja na salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Ni nzito kuliko hewa, hulala chini, kwenye kondensa na mashimoni. Ikizidi, pua huacha kuisikia, kwa hiyo usiamini pua yako hata siku moja. Shusha kipimo kwa kamba mpaka chini kabisa, hivi. Subiri. Kinasoma sifuri. Pima tena upande ule... sifuri. Kibali cha kazi kimesainiwa, feni ya kuingiza hewa inapiga.

Nipe spana kubwa. Tunaanza na bolti hii hapa.