Gouri Amma na Ardhi Iliyo Chini ya Kibanda

Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari, hamjambo nyote.

Naanza na kibanda. Familia imeezeka makuti juu ya shamba la mtu. Babu kazaliwa hapo, baba kazaliwa hapo. Asubuhi moja mwenye shamba anatuma mjumbe: hameni kabla ya mwisho wa mwezi. Hapa Kilifi sina haja ya kueleza zaidi. Lakini leo nawavusha bahari hadi Kerala, kusini magharibi mwa India, nchi ya minazi kama hii yetu. Huko mwenye shamba aliitwa janmi, na mwenye kibanda kudikidappukaran. Mwanamke aliyesimama bungeni kwa ajili ya huyu wa pili ni K. R. Gouri Amma.

Alizaliwa tarehe 14 Julai 1919 katika kijiji cha Pattanakkad, karibu na Cherthala, wakati sehemu hiyo ikiitwa Travancore na ikitawaliwa na maharaja. Kwao ni Waezhava, jamii ambayo kazi yake ya jadi ni kugema. Mnaowajua wagema mnaelewa: tembo hunywewa, mgema akadharauliwa. Mpaka mwaka 1936 Waezhava hawakuruhusiwa kukanyaga ndani ya mahekalu ya maharaja. Baba yake alikuwa na uwezo, akamsomesha hadi sheria, akawa mwanamke wa kwanza wa jamii yake kuwa wakili. Angeweza kuridhika na hapo. Lakini Oktoba 1946, huko Punnapra na Vayalar, jirani kabisa na kwao, askari wa maharaja waliwamiminia risasi wafanyakazi wa viwanda vya usumba na vibarua wa mashamba. Gouri akaingia Chama cha Kikomunisti, akafungwa, akapigwa. Mwaka 1952 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo.

Sasa tufike 1957, na hapa nitakaa. Jimbo la Kerala lilikuwa limeundwa mwaka uliotangulia. Wakomunisti wakashinda uchaguzi, E. M. S. Namboodiripad, mtoto wa ukoo wa Kibrahmin wenye mashamba, akawa waziri mkuu wa jimbo. Gouri, miaka 37, mwanamke pekee katika baraza lile, akapewa Wizara ya Mapato, na ardhi ilikuwa humo. Waliapishwa tarehe 5 Aprili. Tarehe 11 Aprili ikatoka amri ya kusimamisha kufukuzwa kwa wapangaji na wenye vibanda jimbo zima. Siku 6 tu!

Kwa nini haraka ile? Kwa sababu sheria ya ardhi huchukua miaka kupikwa. Mwenye shamba akisikia inakuja, huwahi kuwatoa watu, ili siku sheria itakapofika ikute shamba tupu. Gouri alijua hivyo, akafunga mlango kwanza, kisha ndipo akaketi kuandika mswada. Nimesoma habari za wabunge wengi waliotangaza mageuzi kwa ngoma na vigelegele, wakawaacha watu wao bila kinga hata ya siku moja. Kwangu mimi, amri ile ya kurasa chache inampa heshima kuliko hotuba zote.

Mswada wenyewe ulipita Juni 1959. Wenye mashamba, viongozi wa Kanisa na vyama vya matabaka ya juu walikuwa wameshajaa barabarani wakitaka serikali iondoke, na tarehe 31 Julai serikali kuu ya India, kule Delhi, ikaivunja serikali hiyo ya jimbo. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya India ikaiondolea sheria nguvu katika sehemu ya ardhi ya jimbo. Gouri akangoja. Mwaka 1967 akarudi wizarani ileile, akaandaa marekebisho mapya yaliyopita 1969.

Tarehe 1 Januari 1970 yakaanza kazi, na serikali ilikuwa nyingine. Upangaji wa mashamba ukafutwa, mpangaji akawa na haki ya kuwa mmiliki. Mwenye kibanda akapewa haki ya kununua mahali alipokaa kwa bei nafuu: senti 10 kijijini, yaani sehemu moja ya kumi ya ekari, senti 5 mjini, senti 3 katika miji mikubwa. Ni kidogo, ndiyo. Lakini hakuna wa kukugongea tena alfajiri.

Na kasoro ilikuwapo, na kubwa. Mashamba ya chai, kahawa na mpira hayakuguswa. Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa, waliolima mpunga wa wengine vizazi na vizazi, hawakuhesabiwa kuwa wapangaji, kwa hiyo wengi waliambulia zile senti 10. Deni hilo Kerala haijalilipa.

Ndoa yake nayo ilipita katika tanuri hilohilo. Mwaka 1957 aliolewa na T. V. Thomas, waziri mwenzake. Chama kilipopasuka 1964, yeye akaenda huku, mume kule, na 1967 waliketi katika baraza moja wakiwa wa vyama viwili.

Kampeni za 1987 watu waliimba kwamba nchi hii iliyojaa minazi itatawaliwa na Gouri. Chama kikashinda, kiti cha waziri mkuu wa jimbo akapewa E. K. Nayanar. Wengi waliona kwamba jinsia yake na jamii yake vilimponza, nami naona hivyo. Mwaka 1994 alifukuzwa chamani, akaunda chake. Miaka ya mwisho ya 1990, bunge lilipopitisha sheria ya kuwanyima Waadivasi, wenyeji wa misituni, haki ya kurudishiwa mashamba yao, vyama vyote vikubwa viliunga mkono. Sauti iliyosema hapana ilikuwa moja, ya bibi mwenye umri wa karibu miaka 80.

Alifariki tarehe 11 Mei 2021, akiwa na miaka 101.

Jambo moja bado. Kiongozi wa nyumba moja ya watawa wa Kihindu kaskazini mwa Kerala, Kesavananda Bharati, alizishtaki sheria hizi za ardhi. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya India, majaji 13, iliyakubali marekebisho ya katiba yaliyozikinga sheria hizo, lakini 7 kati yao wakasema pia kwamba bunge halina uwezo wa kubomoa nguzo za msingi za katiba. Tarehe 13 Mei 2021, siku mbili baada ya Gouri Amma kuaga dunia, majaji watano wa Mahakama Kuu jijini Nairobi waliisimamisha BBI, mpango wa kubadili katiba ya Kenya, kwa hoja hiyohiyo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilisema hoja hiyo haifai kwa Kenya, lakini BBI haikufufuka. Mawakili wetu walikuwa wametaja jina la Kesavananda kutwa nzima. Kesi ile ilizaliwa na ugomvi wa mashamba, na sheria iliyogombewa ni ile aliyoianza mwanamke wa Pattanakkad.

Nimemaliza. Mama aliyeinua mkono pale nyuma, karibu, uliza.