Kuonyesha Ratiba Kutoka Kwenye Faili Ndani ya Ukurasa wa PHP

Karibuni tena, watazamaji wapenzi. Leo tunatengeneza ukurasa wa msikiti ambao ratiba ya swala inakaa kwenye faili lake lenyewe, ratiba.txt, ili katibu anapobadilisha saa asilazimike kugusa msimbo. Katika kazi zote za PHP, lugha ya kuprogramu kurasa za wavuti, hii ndiyo niipendayo zaidi, kwa kuwa humwezesha mtu asiyejua kuprogramu kutunza habari zake mwenyewe.

Fungueni folda iitwayo msikiti, wekeni humo index.php na ratiba.txt, kisha washeni seva, hayo mmeshayazoea.

Sasa twende polepole. Ndani ya index.php, baada ya <?php, andikeni:

echo nl2br(htmlspecialchars(file_get_contents(__DIR__ . '/ratiba.txt')));

Hapa file_get_contents husoma faili, htmlspecialchars hufanya alama za HTML zionekane kama maandishi tu, nl2br hutunza mwisho wa kila mstari, na nukta huunganisha maneno mawili. Tazameni __DIR__: mistari ya chini ni miwili mbele na miwili nyuma, na jina la faili linatanguliwa na mkwaju (/). Msiusahau mkwaju huo. Zamani niliandika './ratiba.txt' katika kazi ya mteja, na ukurasa ukaenda vizuri hadi siku ulipoitwa na ukurasa wa folda nyingine, kwa sababu njia inayoanza na nukta huhesabiwa kuanzia folda ambamo PHP inafanyia kazi wakati huo, ilhali __DIR__ daima ni folda ya faili ulimoiandika.

Tupakie ukurasa. Subirini, limetokea onyo kwamba faili halikupatikana. Someni mwisho wa njia: "msikitiratiba.txt". Jina la folda limegandana na la faili. Ni mkwaju uleule, nimeuruka nilipokuwa nikichapa. Ninaurudisha, ninapakia upya, na mistari mitano inaonekana, Alfajiri hadi Isha. Nawasihi tena: mkwaju kwanza, jina baadaye.

Baadhi yenu mtapenda kutumia include, amri ya kuingiza faili jingine ndani ya ukurasa, hapa. Msifanye hivyo kwa faili la maandishi, kwa kuwa include hutekeleza msimbo wowote wa PHP itakaoukuta humo, hata kama faili linaishia na .txt. Kwa vipande vya PHP, kama kichwa cha ukurasa, mimi huchagua require, ambayo husimamisha ukurasa faili likikosekana, wakati include hutoa onyo tu na kuendelea. Wala msichukue jina la faili kutoka kwenye anwani aliyoiandika mgeni, kwani alama ../ zikirudiwa zinaweza kumfikisha kwenye mafaili ya siri ya seva.

Sasa ninafungua ratiba.txt, ninabadilisha Alasiri kutoka 9:45 kuwa 10:00, ninahifadhi na kupakia upya. Saa mpya hiyo hapo, na index.php hatukuigusa.