Ada Ililipwa, Mwanaidi Akaacha Shule

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Wakubwa zangu, shikamooni. Mama, najua utaangalia jioni kwa simu ya Asha. Shikamoo mama.

Leo siko nyumbani. Mnaona haya mahema ya mistari nyuma yangu? Hili ni soko la katikati ya mji wa Cambridge, huku Uingereza. Nimetoka zamu ya usiku, nikapanda treni moja kwa moja bila kulala, kwa sababu jambo la leo nilitaka niliseme nikiwa nimesimama hapa hapa.

Mwaka 1991 mama mmoja mzaliwa wa Wales, Ann Cotton, alikwenda Zimbabwe, kijiji kinaitwa Mola, kuchunguza kwa nini wasichana hawaendi sekondari. Kabla hajafika alikuwa ameshaambiwa jibu, na ndilo ninaloambiwa hata leo na ninaofanya nao kazi: mila, wazazi hawataki kusomesha mabinti. Kufika kule akakuta wazazi wanataka, tena sana. Ila hela iliyopo inatosha mtoto mmoja, na mtoto wa kiume ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kupata kazi ya mshahara, basi anapelekwa yeye. Mama yule akarudi huku, akaoka keki jikoni kwake, akaziuza katika soko hili. Mwaka 1993 akaanza kuwalipia shule wasichana 32. Hapo likazaliwa shirika la CAMFED, na Tanzania lipo tangu 2005. Mmoja wa wasichana wale wa mwanzo, Angeline Murimirwa, baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa shirika zima. Msichana aliyelipiwa ada!

Sasa nataka niwasimulie ya nyumbani Tanzania, Kilombero.

Nilikuwa na rafiki, tulikaa dawati moja. Nitamwita Mwanaidi, jina lake si hilo. Mwaka 2007 tulikuwa kidato cha pili, shule ya kata. Enzi zile ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na ya Mwanaidi ililipwa. Mjomba wake aliuza magunia ya mpunga akalipa yote Januari, risiti ikabanwa ndani ya daftari la hesabu. Nimeiona kwa macho yangu.

Wa Kilombero wenzangu mnajua msimu wa mpunga ulivyo. Mvua zikianza, familia nzima inahamia shamba, mnakaa kwenye dungu miezi, mnalima, mnaamia ndege, mpaka mvune. Mtoto wa sekondari anabaki peke yake. Kwao Mwanaidi kulikuwa mbali na shule, wakampangia geto. Chumba kimoja cha udongo, godoro la futi mbili na nusu, ndoo, jiko la mafiga matatu nje. Alikuwa na miaka 14. Unga aliachiwa wa mwezi, ukaisha wiki ya tatu. Akatokea mtu wa kumletea unga. Na sukari. Halafu na taulo za kike, maana alikuwa akizikosa kila mwezi, siku hizo haji shule, na darasani hakuna aliyeuliza.

Mnajua kilichofuata. Enzi hizo mwanafunzi akipata mimba ilikuwa ndiyo basi. Aliitwa ofisini siku ya Jumanne, Jumatano dawati likawa langu peke yangu.

Simlaumu mwalimu wetu wa darasa. Alikuwa akifundisha hesabu vidato vinne, kwetu tu tulikuwa zaidi ya 80. Hakuna mahali alipofundishwa kumwangalia binti anayekosa siku tano kila mwezi akajiuliza kuna nini. Na hata angejiuliza, mwalimu wa kiume, kijana wa miaka 24, angeanzia wapi?

Ndugu zangu, ndilo lililonileta sokoni na usingizi machoni. Tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imefutwa, na tangu 2022 hadi cha sita. Tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Nilipolisikia hili la pili nililia kwenye basi, watu wakaniangalia. Lakini geto bado lipo. Unga bado unaisha wiki ya tatu.

Kinachonivutia kwa hawa CAMFED ni kitu ambacho wachangiaji wengi wa huku hawakioni. Pamoja na sare na madaftari, wanamwandaa mtu. Msichana aliyemaliza sekondari kwa kusaidiwa, anayeishi kijiji kile kile, anapewa mafunzo kisha anarudi shuleni kila wiki kukaa na wanafunzi. Anazungumza nao namna ya kusoma, kujiamini, mwili wao, mipango yao. Asiyekuja, dada huyu anamfuata nyumbani. Anamjua mama yake, anajua dungu lao liko ng'ambo ya mto gani. Shuleni kwenyewe kuna mwalimu mlezi naye aliyefunzwa kazi hiyo, kwa hiyo dada akija na habari nzito ana pa kuipeleka. Na yeye hafanyi bure tu: anaweza kupata mkopo wa biashara usio na riba ya fedha, riba yake ni muda anaowapa wadogo zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, hatua chache tu kutoka hapa nilipo, waliupima mpango huu kwa Tanzania, na taarifa yao ya 2018 ilisema matokeo yake ni makubwa kulingana na gharama, hata ukihesabu kuwa kuwafikia watoto maskini kabisa ni ghali zaidi.

Mwanaidi angekuwa na dada mmoja tu wa namna hiyo. Mmoja.

Sasa upande wa walimu, na hapa nina uchungu wa kifamilia. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Vijana hamjui: baada ya Azimio la Musoma, 1974, nchi iliamua watoto wote waingie shule ya msingi, na walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa huko huko vijijini, wanafundisha huku wanasoma kwa posta na kwa redio. Zaidi ya elfu arobaini walipatikana hivyo. Babu alikuwa anaweka redio juu ya kinu, anaandika kwa mwanga wa kibatari. Watu wakawacheka, wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Babu alikufa neno hilo bado linamuuma. Mimi nasema kosa halikuwa lao. Walifunzwa upesi, wakaachwa wenyewe, hakuna aliyerudi kukaa nyuma ya darasa akawaambia hapa umefanya vizuri, hapa jaribu hivi.

Leo kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Walimu wa shule moja wanakaa pamoja kwenye jumuiya yao ya ujifunzaji, mmoja anafundisha mada ngumu, wenzake wanamsaidia. Binamu yangu anafundisha Ulanga, aliniambia kwa mara ya kwanza amemwona mwalimu mkongwe akikubali mbele ya wenzake kwamba sehemu, zile za hesabu, zinamsumbua kuzifundisha. Nikamwambia huyo mwalimu mpe mkono wangu.

Na sisi huku lazima niseme ukweli. Mwaka 2019 kikundi chetu kilichanga, tukatuma kompyuta 14 kwenye shule moja, siitaji. Nilikwenda likizo 2022. Zilikuwa ofisini, kwenye maboksi yale yale tuliyoyafunga sisi kwa gundi ya kahawia, juu yake kitambaa cha kufuma na ua la plastiki. Hakuna mwalimu aliyewahi kufundishwa kuzitumia. Nafsi iliniuma, kwa sababu gharama ya kusafirisha lile kontena ingelipia nauli, chakula na malazi ya walimu kadhaa kukaa likizo nzima wakinoana.

Kwa hiyo mwaka huu tumebadilisha. Hatutumi boksi. Tunachangia semina ya likizo ya walimu sita wa hesabu na Kiingereza, maana mtoto anatoka darasa la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza kila somo, na mwalimu asipojua kumvusha pale anaanza kukaa kimya, na msichana anayekaa kimya ndiye wa kwanza kubakizwa shamba. Wazazi wameshakubali kutoa mchele wa chakula cha mchana.

Mwanaidi anauza vitumbua karibu na stendi. Mtoto aliyemzaa mwaka ule yupo kidato cha nne, anakaa geto. Nimeongea na Mwanaidi juzi, akaniambia, "Dada, mimi shamba silimi mwaka huu. Nakodisha. Nalala naye geto mpaka amalize mtihani." Vitumbua anavipika pale pale mlangoni saa kumi alfajiri, binti akisoma kwa mwanga wa jiko na tochi ya simu.

Wewe dada uliyemaliza kidato cha nne na upo kijijini, hata kama matokeo hayakuwa mazuri, andika jina la kata yako hapo chini. Na wewe mwalimu, niandikie ni mada ipi inakutesa, hakuna atakayekucheka. Zamu yangu ya usiku inaanza saa mbili, wazee ninaowatunza kazini wakishalala nasoma maoni yote, moja moja.