Kazi ya Makumbusho Inaanzia Ghalani

SALIM: Karibuni tena. Leo tunajibu ujumbe wa msikilizaji wa Morogoro anayemaliza shahada ya historia. Anataka kazi ya makumbusho, lakini baba yake kamwambia, "Huko utakwenda kufuta vumbi mafuvu." Dada Rukia, wewe umekaa huko. Mzee kakosea?

RUKIA: Hajakosea sana. Vumbi linafutwa kweli. Ila si kila mtu anaruhusiwa kulifuta, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

SALIM: Maana sisi wengine tukienda pale Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert tunamwona mkata tiketi na yule anayewatembeza wanafunzi kwenye magari ya marais. Tunadhani ndio basi.

RUKIA: Hao ni wa mbele ya pazia. Nyuma kuna wahifadhi wa mikusanyo, wasajili, mafundi wa maonesho, watu wa elimu, watu wa maabara. Na vitu vingi vya makumbusho kubwa yoyote haviko kwenye kabati la kioo, viko ghalani. Mimi ningemwambia huyo binti, au kijana, hajasema...

SALIM: Binti.

RUKIA: Binti basi. Akipata nafasi ya fildi, asiombe mapokezi. Aombe ghala. Na ghalani aombe kukaa na msajili, yule anayeandika kumbukumbu za kila kitu.

SALIM: Msajili! Mbona kazi hiyo inasikika ya kuchosha kuliko zote?

RUKIA: Inachosha. Lakini kitu kisicho na maandishi ni bubu. Unakuta mkuki umeandikwa "Mkuki, Tanganyika." Nani aliutengeneza? Ulitoka kwa nani, kwa kununuliwa au kwa kuporwa? Hujui. Chukua habari ya fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Alijiua 1898 Wajerumani walipomkaribia, kichwa kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukataja kabisa, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu lake. Halikurudi mpaka 1954.

SALIM: Miaka thelathini na kitu baada ya mkataba!

RUKIA: Na sikiliza lilivyopatikana. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikwenda Bremen, Ujerumani, akakuta makumbusho ya kule ina mafuvu yapatayo 2,000. Hakuna karatasi inayosema hili ni la Mkwawa. Ikabidi watumie vipimo, watafute linalokaribiana na vichwa vya jamaa zake walio hai. Lililochaguliwa ndilo liko Kalenga, Iringa, na mpaka leo wapo wanaouliza kama ndilo lenyewe. Msajili mmoja mwenye kalamu angemaliza ubishi wote huo.

SALIM: Penseli, umeniambia siku zote ni penseli.

RUKIA: Penseli! Ghalani wino hauingii. Kalamu ikivuja juu ya ngozi ya ngoma, umeiharibu milele.

SALIM: Basi tumpe mambo ya mikono. Siku ya kwanza anafundishwa nini?

RUKIA: Kubeba. Chungu hakishikwi mdomoni wala kwenye mkono wake, hata kama mkono huo unaonekana imara. Unaweka kiganja kimoja chini, kingine ubavuni, na kabla hujakinyanyua unajua utakiweka wapi. Halafu namba. Kila kitu kina namba ya usajili, tuseme 2024.15.3. Hiyo inakwambia kiliingia mwaka 2024, katika pokezi la 15, yaani fungu la 15 la vitu vilivyopokelewa mwaka huo, na ni kitu cha tatu katika pokezi hilo. Namba haiandikwi juu ya kitu moja kwa moja. Unapaka kwanza tabaka jembamba la vanishi inayoweza kuondolewa, ndipo unaandika. Nguo inashonewa kitambaa chenye namba.

SALIM: Na glavu? Kwenye sinema wanavaa zile nyeupe za pamba.

RUKIA: Sinema! Kwa karatasi, mikono iliyonawa na kukauka mara nyingi ni bora, maana glavu ya pamba inakuondolea hisia, unachana ukurasa. Chuma na picha za zamani, hapo vaa. Ila kuna jambo watu hawaambiwi: wakati mwingine glavu inakulinda wewe. Wanyama waliokaushwa zamani na ndege waliojazwa pamba walipakwa aseniki, sumu kali, ili wadudu wasiwale. Vikapu na ngozi vilipigwa DDT, dawa ya wadudu. Sumu hiyo bado imo. Mtu anayegusa swala wa miaka ya 1930 kisha anakwenda kula chapati bila kunawa, huyo simtaki ghalani kwangu.

SALIM: Siku hizi wadudu mnawaua na nini?

RUKIA: Baridi. Kikapu kinafungwa vizuri ndani ya plastiki, kinaingia kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Si mifuko ile iliyopigwa marufuku 2019, usije ukaniletea askari. Huku pwani adui mwingine ni unyevu. Ukungu ukishaingia kwenye kitabu, kazi imekuwa ngumu.

SALIM: Sasa tuongee mkate. Serikalini nafasi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, wanaitwa kwenye usaili mamia. Mwenye cheti tu anapita vipi?

RUKIA: Shahada anahitaji, hilo tusimdanganye. Historia si mbaya. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna idara ya akiolojia na urithi, akitaka kuongeza. Lakini awe na kitu cha kuonesha. Vitu vya nyumbani kwao vinatosha: kinu cha bibi, mkeka, redio ya babu. Avipime, avipige picha na rula pembeni, aandike vimetengenezwa na nini, na nani, vimepasuka wapi. Anayekuja kwenye usaili na kabrasha la namna hiyo nitamkumbuka.

SALIM: Na kujitolea? Mimi hapo nina neno. Kujitolea bila hata nauli ni kazi ya watoto wenye shangazi mjini. Wa kijijini atalala wapi?

RUKIA: Nakubaliana nawe, na ni aibu yetu. Ndiyo maana nasema asiikimbilie Dar tu. Bujora, karibu na Mwanza, kuna makumbusho ya Wasukuma. Butiama kuna ya Mwalimu, Songea kuna ya Majimaji. Mahali padogo utasajili asubuhi, utatembeza wageni mchana, jioni unapambana na mchwa. Mahali pakubwa unaweza kuganda kwenye idara moja.

SALIM: Wakenya nao?

RUKIA: Fort Jesus, Mombasa, wana maabara ya uhifadhi iliyokomaa kwa sababu ya meli moja ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama hapo 1697. Wapiga mbizi walipoichimbua miaka ya 1977 hadi 1980, mbao na vyuma vilitoka vimejaa chumvi, na chumvi hiyo lazima itolewe polepole majini la sivyo kitu kinapasuka kikikauka. Anayependa kemia, njia yake iko huko.

SALIM: La mwisho. Anauliza kama ajifunze Kijerumani.

RUKIA: Ajifunze! Yule dinosaria mrefu wa zaidi ya mita 13 anayesimama Berlin alichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Madaftari ya msafara yako kwa Kijerumani. Siku hizi kufuatilia kitu kilitokaje kwetu ni ajira kamili, na wenzetu wa kule wanatafuta watafiti wa huku. Ukisoma barua ya ofisa wa kikoloni mwenyewe, husubiri mtu akuchagulie nini cha kukutafsiria.

SALIM: Na mzee wake tumwambie nini?

RUKIA: Kwamba mafuvu yapo, ndiyo. Na aanze kumkumbuka nani alimtengenezea bibi kile kinu, maana binti atamuuliza jioni hii.

SALIM: Maswali ya wiki ijayo tumeni kwa sauti, msiandike insha. Kwaherini.