Inuka Ule Kwanza

Bwana asifiwe! Hapana bana, semeni kama watu waliokula, Bwana asifiwe! Haya. Nliombwa niongee juu ya toba, nikasema toba nyinyi mnaijua, watu wa Kisauni wanatubu mpaka dhambi za jirani (kicheko). Mimi leo nataka yule aliyetubu kitambo, akasamehewa, na bado anajichapa.

Manake tuko wengi. Hebu skiza mtu anavyojisema akidhani hakuna anayeskia. Mama wa mahamri pale steji, mafuta yamepata moto kupita kiasi, mahamri yameungua nje na ndani ni unga mbichi, wateja wanachelewa kazini, na yeye anajisemea huku anayatoa na kijiti, "mimi nlijua tu, mimi hakuna nilijualo, ata marehemu mama alisema." Sasa jameni marehemu mama ameingiaje kwa karai? Mahamri sita tu na ukoo mzima umeshtakiwa! Mteja akimtukana ivo angejibiwa, tena vizuri, tunawajua mama zetu, lakini akijitukana mwenyewe anaachiwa tu.

Na sisi wa kanisani ndio tumeharibu zaidi, tunaiita unyenyekevu. Mimi hapo sikubali.

Fungueni 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametoka mlima Karmeli, moto wa Mungu umeshuka, watu wameona kwa macho, alafu malkia Yezebeli anamtumia ujumbe mmoja tu wa kumuua, jamaa anatoka mbio mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mretemu na kumwambia Mungu yatosha, niondoe, "kwa kuwa mimi si mwema kuliko baba zangu." Nani alimuuliza habari ya baba zake? Ni yaleyale ya mama wa mahamri! Na angalieni Mungu anavyofanya. Hambishii. Hamwambii we ni mwema sana Eliya, wala hamwambii ni kweli hufai. Malaika anamgusa, "Inuka, ule." Kichwani pake kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena (napenda sana hapo, alilala TENA na hakuna aliyemkemea), malaika akarudi mara ya pili, inuka ule, safari hii ni kubwa mno kwako. Lile swali la "unafanya nini hapa, Eliya" lilikuja kule Horebu, mlima wa Mungu, siku arubaini mbele.

Petro vilevile. Alimkana Bwana mara tatu huku akiota moto wa makaa, Yohana 18. Alafu Yohana 21 wamekesha ziwani hawajapata kitu, na nyinyi wa Mtwapa mnajua mvuvi aliyerudi mikono mitupu huwa hasemezeki, anafika pwani anakuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. "Njoni mfungue kinywa." Mstari wa 15, walipokwisha kula, NDIO akaulizwa wanipenda, mara tatu, na kila akijibu anapewa kazi. Hakuna aliyemwambia aanze kusimulia alivyokua muoga.

Sasa Yuda. Mathayo 27, watu huwa wanasahau kua Yuda alijuta na akakiri sawasawa kabisa, na vile vipande thelathini vya fedha akavirudisha. Lakini alivipeleka kwa makuhani, nao wakamjibu yatupasani sisi, yaangalie haya wewe mwenyewe. Ile ndio sauti ninayoisema leo. Yaangalie mwenyewe. Ukiiskia usiku inakwambia ivo, amka, tafuta mtu umpigie, usibaki nayo chumbani peke yako, tafadhali sana.

Sisi wa upande huu tunapita Kengeleni kila siku na tuktuk, ile kengele ni ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru, 1875. Ilikua ilie kuonya adui anakuja. Hebu fikiria mtu wa pale, ameachwa huru, anaamka kila asubuhi kujifunga minyororo mwenyewe eti anyenyekee. Warumi 8:1 inasema hakuna hukumu ya adhabu, wewe unaiandika upya kila siku.

Na nisieleweke vibaya, neema sio kusema haidhuru. Ukila pesa za chama neema haikwambii ubadilishe laini ya simu (kicheko, na kuna mmoja hakucheka nimemuona). Zakayo, yule mtoza ushuru, Yesu aliingia kwanza nyumbani kwake, ndio akasimama akasema nitarudisha mara nne. Taja kosa kwa jina lake, kwa Mungu na kwa uliyemkosea, lipa kinacholipika. Lakini "mimi ni takataka" sio jina la kosa, hilo hakuna atakayelilipa.

Kuna kijana ameuliza hapa, je nikiacha kujichapa si nitazoea kukosa? Swali zuri. Nenda Wagalatia 2:11. Petro alikosa tena, kule Antiokia, akaacha kula na watu wa Mataifa kwa kuogopa watu, na Paulo akampinga uso kwa uso, mbele ya wote. Na sijasoma popote kwamba Petro alikata tamaa akarudi kuvua samaki. Kwa barua yake ya pili, 3:15, anamtaja huyo huyo Paulo, na anamwita "ndugu yetu mpenzi."

Haya, mwengine mwenye swali?